Damu chooni kwa kijana wa miaka 14, na baba aliyekufa kwa saratani ya utumbo

Swali limetoka kwa msomaji wa Mwanza. Nimelifupisha:

"Daktari, namlea mtoto wa marehemu kaka yangu. Ana miaka 14, yuko kidato cha kwanza. Tangu kabla ya Krismasi anatoka damu akienda haja kubwa. Zahanati walitupa dawa ya amiba, tukarudia, tukarudia tena. Shuleni alimeza dawa za kichocho. Sasa tumeambiwa ni vidonda vya tumbo. Amekonda, na akipanda ngazi anahema. Baba yake alifariki akiwa na miaka 36 kwa saratani ya utumbo mpana, na kwenye karatasi zake waliandika kwamba walikuta polipi nyingi. Mama yetu naye alikufa kwa tumbo tukiwa wadogo, hatukujua ni nini. Nilipouliza kama mtoto anaweza kuwa na saratani hiyo niliambiwa ni ugonjwa wa wazee. Ndugu wengine wanasema ukoo wetu una mkono wa mtu. Je, mtoto anaweza kupata saratani ya utumbo mpana? Na wadogo zake wawili, wa miaka 11 na 8, nao wako hatarini?"

Pole sana, dada, kwa msiba wa kaka na kwa kuhangaika na mtoto. Umefanya jambo kubwa kutunza karatasi za marehemu. Maneno mawili yaliyoandikwa pale, polipi nyingi, yaani vinyama vingi vilivyoota ndani ya utumbo, yamenieleza mengi kuliko vipimo vyote ulivyonitajia.

Nikujibu moja kwa moja. Ndiyo, mtoto anaweza kupata saratani ya utumbo mpana. Hutokea mara chache mno, na watoto walio wengi wanaotoa damu chooni wana tatizo jingine kabisa, tena linalotibika. Ila kijana wako simweki kwenye kundi hilo la wengi. Damu ya miezi kadhaa, mwili unaopungua, kuhema kwenye ngazi, na baba aliyeondoka akiwa na miaka 36 na polipi nyingi: mtoto wa namna hii anatakiwa aangaliwe utumbo mpana wote kwa kamera, kipimo kinachoitwa kolonoskopi. Omba rufaa wiki hii. Dawa ya amiba kwa mara ya nne asipewe. Na kuna jambo hukuuliza: wewe ni dada wa tumbo moja na baba yake, kwa hiyo swali hili ni lako pia. Nitalifikia.

Kwanza nieleze kwa nini uliambiwa ni ugonjwa wa wazee. Nchini Marekani, ambako wagonjwa wa saratani huandikishwa kwa uangalifu, saratani hii humpata takribani mtu 1 katika kila watu milioni 1 walio chini ya miaka 20 kwa mwaka, na jumla yao haifiki 100. Mganga wa zahanati anaweza kufanya kazi mpaka kustaafu asikutane na mtoto hata mmoja mwenye ugonjwa huu. Alisema anachokiona. Kwetu Afrika Mashariki kuna sababu ya ziada. Daktari mpasuaji Denis Burkitt, aliyefanya kazi miaka mingi hospitali ya Mulago, Kampala, aliandika mwaka 1971 kwamba saratani ya utumbo mpana ni adimu kwa Waafrika wa vijijini, akalihusisha jambo hilo na chakula chao chenye makapi mengi. Kwa wakati wake aliona kweli. Lakini waliofundishwa hivyo wakafundisha wengine, na mazoea yakakaa: Mwafrika haugui saratani ya utumbo, sembuse mtoto. Madhara yake tunayaona wodini. Mtoto hufika akiwa ameshazungushwa miezi, wakati mwingine tumbo limeshaziba. Hili haliko kwetu tu. Hata katika nchi tajiri watoto wengi wenye saratani hii hugundulika ugonjwa ukiwa umeshavuka ukuta wa utumbo, maana hakuna anayeuwazia. Mimi naona uadimu wake ndio hatari yake ya kwanza.

Nimtaje Burkitt mara moja tena, maana mwaka 1958 alieleza ugonjwa mwingine unaotuhusu zaidi: limfoma, yaani saratani ya tezi, ambayo leo inaitwa kwa jina lake. Hiyo hushika taya na tumbo la mtoto, hukua kwa kasi ya kutisha, na huweza kukaa pale utumbo mwembamba unapoungana na ule mpana. Katika ukanda wetu, uvimbe wa saratani tumboni mwa mtoto una uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa limfoma kuliko saratani ya utumbo mpana. Tofauti si ya jina tu. Limfoma ya Burkitt hutibiwa kwa dripu za dawa na huweza kuyeyuka bila kisu, ilhali saratani ya utumbo mpana tegemeo lake kuu ni upasuaji. Ndiyo maana nasisitiza kukatwa kinyama kidogo kipelekwe maabara kabla mtu yeyote hajautaja ugonjwa wala kuanza kuutibu.

Sasa tuje kwenye damu. Kwa mtoto mdogo, sababu ninayokutana nayo kila wiki ni mpasuko kwenye tundu la haja, unaotokana na choo kigumu. Damu yake ni nyekundu, kidogo, imepaka juu ya choo au karatasi, na mtoto analia kwa maumivu. Akipata choo laini, hupona. Kuhara damu kwa homa na msokoto huja ghafla na huisha kwa siku chache zikitumika dawa sahihi. Kwa watoto wa miaka 2 hadi 10 kuna polipi ya utotoni: kinyama chekundu, laini, kinachoning'inia kwenye shina lake ndani ya utumbo kama zabibu, na huvuja damu bila maumivu yoyote. Mara nyingi ni kimoja tu. Daktari hukikata kwa waya kupitia kamera, na mtoto mwenye polipi moja ya aina hii hana cha kuogopa baadaye. Vijana huweza pia kupata ugonjwa sugu wa ukuta wa utumbo mpana kuvimba na kuchubuka, ule wa kuharisha damu na kamasi wiki kwa wiki, ambao ukikaa mwilini miaka 8 au 10 nao hufungua mlango wa saratani.

Kwa watu wa kandokando ya ziwa kama ninyi, kichocho cha tumbo lazima kifikiriwe. Minyoo yake hutaga mayai kwenye ukuta wa utumbo, na damu na kamasi huonekana. Kwa hiyo dawa za shuleni hazikuwa kosa. Lakini kichocho kilichotibiwa hutulia. Amiba nayo ni kweli ipo, tatizo ni kwamba vimelea vinavyofanana nayo huonekana kwenye vyoo vya watu wengi wasioumwa kitu. Karatasi ya maabara ikiandikwa amiba, msako huishia hapo, hata kama damu inatoka mahali pengine kabisa. Kanuni yangu ni nyepesi: dozi kamili ikishamezwa na damu ikarudi, ugonjwa ule haukuwa jibu lote. Vidonda vya tumbo ndiyo kabisa. Damu inayotoka juu, tumboni, husafiri njia ndefu na kutoka nyeusi, yenye kunata na harufu kali. Kwa damu nyekundu chooni, kwa kijana ambaye mapigo ya moyo yako sawa na asiyetapika damu, sitaanza kumtafutia vidonda vya tumbo. Na endapo mtu atakwambia ni bawasiri, mwulize ameiona? Bawasiri kwa mtoto ni nadra, na haipaswi kutajwa bila kuangalia.

Kuangalia kwenyewe kunaanza na kidole. Hapa niseme bila kuficha, kwa sababu aibu inatugharimu maisha ya watu. Daktari huvaa glavu, hupaka mafuta, na kuingiza kidole kwenye njia ya haja kubwa kwa nusu dakika. Kwa kidole hicho hugusa uvimbe ulio chini, hugusa polipi, na glavu ikitoka huonyesha damu ni ya rangi gani. Watoto na vijana wengi wenye uvimbe wa sehemu ya mwisho ya utumbo wametibiwa miezi bila kuguswa hata mara moja, ama kwa sababu daktari aliona haya ama mzazi alikataa. Kijana aelezwe kwanza, akubali, ndugu wa kiume au wewe uwe chumbani kama yeye atapenda.

Kuhema kwake kwenye ngazi ni dalili kwamba damu imepungua. Apimwe wingi wa damu leo, hata hapo zahanati. Uvimbe wa upande wa kulia wa utumbo mpana huweza kuvuja kidogo kidogo kwa muda mrefu, damu ikachanganyika na choo isionekane kwa macho, na dalili pekee ikawa upungufu wa damu usiokoma hata akimeza dawa za kuongeza damu. Mengine ninayotaka umwulize kwa faragha, kwani kijana wa umri huu hasemi mwenyewe: anaamka usiku kwenda chooni? Akitoka chooni bado anasikia haja haijaisha? Choo kimekuwa chembamba? Kuna kamasi? Tumbo linauma kwa misokoto na kujaa gesi? Majibu yaandike.

Nirudi kwenye polipi za kaka yako, maana ndipo penye uzito.

Upo ugonjwa wa kurithi ambao madaktari huuandika kwa herufi FAP. Humpata takribani mtu 1 katika kila 10,000 wanaozaliwa, wa kila rangi na kila nchi. Chanzo chake ni kasoro kwenye jeni inayoitwa APC, iliyotambuliwa mwaka 1991. Kazi ya jeni hiyo ni kuzuia chembe za utumbo zisiongezeke ovyo. Ikiharibika, utumbo mpana huota polipi, mwanzoni chache, kisha mamia, hata maelfu, zikitanda ukutani. Kwa kawaida huanza kuota kwenye miaka ya ujana, wastani miaka 16. Kila polipi peke yake ina uwezekano mdogo wa kugeuka saratani, lakini zikiwa mamia, ni suala la muda tu: asipotibiwa, karibu kila mwenye FAP hupata saratani, na wastani wa umri ni kama miaka 39. Kaka yako, miaka 36, polipi nyingi. Mama yenu, tumbo, angali kijana. Siwezi kutoa hukumu kupitia barua, lakini hadithi ya familia yenu inafanana sana na FAP, na daktari yeyote wa utumbo akiisikia ataacha kalamu na kukusikiliza.

Sasa sikiliza upande wenye matumaini, dada. Kama ni FAP, kijana wa miaka 14 anayetoa damu ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na polipi zinazovuja kuliko saratani iliyokwisha kuota. Saratani kabla ya miaka 20 hutokea hata kwa wenye FAP, ndiyo sababu sikuruhusu usubiri, ila ni wachache. Baba yake aligundulika baada ya miaka mingi ya polipi ambazo hakuna aliyeziona. Mwanaye anaweza kugundulika zikiwa bado polipi. Kwa ugonjwa huu, hiyo ndiyo tofauti kati ya kuzuia saratani na kupambana nayo.

Unaweza kutafuta ishara nyingine hata nyumbani. Pitisha vidole taratibu kwenye ukingo wa taya lake la chini na kwenye paji la uso: baadhi ya wenye FAP wana vinundu vigumu vya mfupa visivyouma. Angalia mdomoni kama ana meno ya ziada au meno yaliyokataa kuota. Tazama ngozi ya kichwa na mwili kama kuna vivimbe laini vya maji mazito. Kukosekana kwa ishara hizi hakumwondoi kwenye shaka, lakini zikiwepo mwambie daktari. Kumbuka pia kama marehemu baba yake alikuwa nazo.

Kuhusu mkono wa mtu. Sikucheki wala siwalaumu ndugu zako. Ukoo ukizika mama, ukazika kaka, kisha mtoto akaanza kutoa damu ileile, mtu yeyote angetafuta nani anawaandama. Ugonjwa wa kurithi unakwenda hivyohivyo: unachagua ndani ya ukoo mmoja, unawaruka wengine, unarudi kwa mjukuu. Mwaka 1925 daktari mpasuaji Lockhart-Mummery wa hospitali ya St Mark's, London, alichapisha habari za familia 3 zilizokuwa zikifa hivyo, kizazi baada ya kizazi. Hospitali ile ilikuwa na daftari la familia hizo, ikiwaita ndugu mmoja mmoja waje kuangaliwa kabla hawajaugua. Walioitwa mapema walikutwa na saratani mara chache sana kuliko wale waliokuja wenyewe wakiwa tayari na dalili. Nakuomba ufanye daftari lako. Karatasi moja, majina ya babu na bibi, wajomba, mama wadogo, ndugu na watoto wote, na mbele ya kila jina: yu hai au amefariki, na umri gani, ugonjwa gani au sehemu gani ya mwili. Mtu aliyefariki kwa uvimbe wa tumbo, saratani ya kizazi, ubongo, au mtoto mchanga aliyekufa kwa uvimbe wa ini, wote wawemo. Wenye FAP huweza kuzaa mtoto anayepata saratani ya ini akiwa mdogo sana.

Naitaja saratani ya kizazi kwa sababu FAP haiko peke yake. Ugonjwa wa Lynch nao hurithiwa, ila hauoti polipi nyingi. Huleta saratani ya utumbo mpana au ya mji wa mimba kwa watu wazima walio bado vijana, na mtoto anayeubeba kwa kawaida haugui akiwa mtoto. Hatari kwa watoto ipo pale baba na mama wote wawili wanapobeba kasoro hiyo na mtoto akairithi pande zote mbili. Mtoto huyo huweza kupata saratani ya utumbo, ubongo au damu katika miaka ya shule, na mara nyingi ngozi yake huwa na mabaka ya rangi ya kahawa ya maziwa tangu utotoni. Wasomaji wangu wa mwambao na walioko Oman, ambako binamu kuoana ni jambo la kawaida, waliweke hili akilini. Hapo ndipo kasoro moja huweza kukutana na pacha wake. Kwa barua yako wewe, polipi nyingi zinanielekeza FAP.

Kolonoskopi hufanyika kwenye hospitali za rufaa kama Bugando hapo kwenu, KCMC ya Moshi na Muhimbili. Siku ya maandalizi ndiyo ngumu kuliko kipimo chenyewe. Siku mbili tatu kabla, aache vyakula vyenye mbegu na makapi: mapera, maharage, mboga za majani, dona. Siku moja kabla, vinywaji tu vinavyopitisha mwanga: maji, chai ya rangi, supu iliyochujwa ikabaki maji matupu. Juisi ya rozela asiguse, maana rangi yake ndani ya utumbo inafanana na damu. Dawa za kuongeza damu zisimamishwe wiki moja kabla kwa maelekezo ya daktari, kwa kuwa hufanya choo kuwa cheusi na kuficha ukuta. Halafu atakunywa dawa ya kusafisha, lita kadhaa, polepole, mpaka anachotoa kiwe maji ya manjano yasiyo na chembe. Utumbo usiposafishwa vizuri, safari yote imepotea. Tahadhari moja: kama tumbo limevimba, anatapika na hatoi hata hewa, dawa hiyo asinywe. Tumbo lililoziba halisafishwi hivyo, anakwenda dharura.

Siku ya kipimo mtoto hulazwa usingizi. Mrija laini wenye kamera huingizwa hadi mwanzo wa utumbo mpana, vinyama hukatwa, na hachukui muda mrefu kuamka. Mwombe daktari mambo mawili: aandike idadi ya polipi kwa kukadiria, na afike hadi mwanzo wa utumbo mpana, upande wa kulia, asiishie upande wa kushoto. Majibu ya maabara ya vinyama usiyaache hospitali bila nakala. Umeshaona thamani ya karatasi.

Ikiwa ni FAP bila saratani, mbele yake kuna kamera kila mwaka au miwili, na hatimaye upasuaji wa kuondoa utumbo mpana. Najua hilo linashtua. Kwa kawaida tunasubiri mwisho wa ujana au mwanzo wa miaka ya ishirini, amalize shule, isipokuwa polipi ziwe nyingi mno, zivuje sana au maabara ione zimeanza kubadilika. Zipo njia mbili: kuunganisha utumbo mwembamba na sehemu ya mwisho iliyobakizwa, au kuondoa yote na kumshonea kifuko cha ndani kutokana na utumbo mwembamba. Uchaguzi hutegemea polipi zimetanda wapi; na kwa msichana kuna jambo la kupimwa zaidi, kwani njia ya pili huweza kupunguza uwezo wa kushika mimba. Baada ya hapo mtu huenda chooni mara 4 hadi 6 kwa siku, anahitaji maji na chumvi zaidi wakati wa joto, lakini anasoma, anacheza mpira, anaoa, anazaa. Baadaye, kwenye miaka ya ishirini, huanza kuangaliwa na utumbo mwembamba kwa kamera ya mdomoni, kwa sababu polipi huota huko pia.

Ikiwa ni saratani, nitakuwa mkweli. Kwa watoto na vijana ugonjwa huu mara nyingi ni wa aina ya ukali: chembe zake hutoa ute mwingi na husambaa mapema kwenye tezi na utando wa tumbo. Picha ya CT itaonyesha umefika wapi. Upasuaji unaoondoa sehemu yote yenye ugonjwa pamoja na tezi zake ndio unaoamua mengi, na hufuatwa na dawa kama oksaliplatini na fluorourasili. Ukiwa sehemu ya mwisho ya utumbo, mionzi huongezwa, mara nyingi kabla ya upasuaji. Sampuli ipimwe pia kama ina kasoro ya kurekebisha vinasaba, kwani saratani zenye kasoro hiyo huitikia dawa za kuamsha kinga kama pembrolizumabu, ambazo ni ghali na hazipatikani kila mahali. Kabla ya dawa na mionzi kuanza, uliza kuhusu uzazi wake wa baadaye. Kijana wa miaka 14 huenda asifikirie hilo, na mzazi huona aibu, ila baada ya mionzi ya nyonga ni vigumu kurudi nyuma.

Jambo moja ninalolipigania: mtoto huyu huanguka katikati ya wodi mbili. Madaktari wa saratani za watoto wamezoea limfoma na saratani ya damu. Wapasuaji wa utumbo wamezoea wazee. Omba wakae pamoja, daktari wa watoto na mpasuaji wa utumbo, kabla ya uamuzi. Kuomba hivyo si utovu wa adabu. Na kama gharama zinakutisha, pitia ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali mapema, usingoje bili.

Wadogo zake: kila mtoto wa mwenye FAP ana nafasi 1 kati ya 2 ya kurithi, wa kike sawa na wa kiume, na aliyekosa hampitishii mwanaye. Aliye na miaka 11 ameshafikia umri wa kuanza kuangaliwa. Apangiwe mara majibu ya kaka yake yakitoka. Wa miaka 8 anaweza kusubiri, isipokuwa akitoa damu, akiharisha muda mrefu au akipungukiwa damu. Pale kipimo cha jeni kinapopatikana, kianze kwa kijana mgonjwa. Kasoro ikijulikana kwake, wadogo wanapimwa damu tu, na asiye nayo anaachiliwa kabisa, bila kamera.

Na wewe, dada. Kama ugonjwa ulitoka kwa mama yenu, nawe ulikuwa na nafasi ileile 1 kati ya 2. Umri wako hukuniandikia, wala hukusema kama unatoa damu. Walezi huwa hawasemi. Usisubiri dalili. Omba kolonoskopi yako katika rufaa hiyohiyo. Ikiwa utumbo wako ni safi na umeshavuka miaka 35, uwezekano wa kuwa na FAP ya kawaida unashuka sana, na watoto wako nao wanapumua. Ikionekana polipi, umewahi.

Kijana aambiwe ukweli kwa kiasi chake. Anajua baba yake alikufa kwa nini, na kila anapoona damu chooni anahesabu mwenyewe. Nimewaona vijana waliokuwa wakimwaga maji haraka ili mama asione, siyo kwa ukaidi, kwa hofu ya kumliza. Mwambie kwamba baba hakupata bahati ya kuangaliwa akiwa na umri wake, yeye anaipata. Mwambie atakwenda kulala usingizi na kamera itaangalia. Shuleni, mwalimu mmoja anayemwamini ajue, apewe ruhusa ya kwenda chooni bila kunyoosha mkono mbele ya darasa. Ale chakula chake cha kawaida. Dawa za kuharisha za kienyeji na za kuingiza kwa nyuma asipewe, zinaweza kutoboa utumbo ulio mgonjwa.

Ukifika kwa daktari sema hivi, kwa mpangilio huu: "Anatoa damu tangu Desemba, amekonda, anahema, baba yake alifariki akiwa na miaka 36 kwa saratani ya utumbo mpana yenye polipi nyingi, naomba rufaa ya kolonoskopi." Mpe karatasi za kaka. Na kabla ya tarehe ya rufaa, akianza kutoa damu nyingi yenye mabonge, akizimia, au tumbo likajaa na kutapika bila kutoa hewa wala choo, mpeleke Bugando siku hiyohiyo, hata kama ni usiku, hata kama barua ya rufaa bado haijasainiwa.